Kodi ya kichwa, lakini kichwa cha nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia hapa Moshi. Katika somo la utumwa wa Marekani kabla ya vita ya 1861, mwanafunzi aliniuliza kama mfanyabiashara wa majimbo ya kusini aliwalipia watumwa wake kodi kama alivyolilipia duka lake, au kama watumwa wenyewe walilipa kodi ya kichwa kama mababu zetu. Nilikwama. Naomba ufafanuzi.
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Babu wa Kilimanjaro aliyedaiwa kodi ya kichwa alidaiwa yeye mwenyewe, akahangaika na kahawa yake au vibarua vya mashambani mpaka apate stakabadhi. Mtumwa wa Richmond, Virginia, hakudaiwa senti, kwa kuwa kisheria yeye ndiye aliyekuwa mali. Aliyedaiwa ni bwana wake.

Hapo ndipo penye ujanja. Katiba ya Virginia ya 1851 iliagiza mali itozwe kodi kwa kadiri ya thamani yake, lakini ikawatenga watumwa: aliyetimiza miaka 12 alitozwa sawa na ardhi ya dola 300, na aliye chini ya umri huo hakutozwa kabisa. Miaka hiyohiyo, kijana mwenye nguvu aliweza kuuzwa kwenye minada ya Richmond kwa zaidi ya dola 1,000. Kwa hiyo kijana yuleyule alikuwa mali ya dola 300 mbele ya mtoza kodi, ila bwana wake alipotaka mkopo na kumweka rehani, mkopeshaji alimpima kwa bei ya mnada. Wakulima wa magharibi mwa jimbo, ambao watumwa wao walikuwa wachache na ng'ombe wao walitozwa kwa thamani kamili, walinung'unika kwa miaka, mpaka wapiga kura walipokubali Mei 1861 kwamba watumwa nao watozwe hivyohivyo. Walikuwa wamechelewa: magharibi ikajitenga, na mwaka 1863 ikawa jimbo la West Virginia.

Usidhani kwamba mfanyabiashara wa mjini alihitaji shamba ili kufaidika na watumwa. Baadhi walimpikia na kumbebea mizigo dukani, na wengine aliwakodisha kwa viwanda vya tumbaku, kwa kawaida kwa mkataba wa mwaka mmoja, ujira ukiingia mfukoni mwake.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa macho, tafuta karatasi za sensa ya watumwa za 1860. Jina linaloandikwa ni la mwenye mali; mbele yake hushuka mistari ya umri, jinsia na rangi, na safu ya mwisho huhesabu nyumba za watumwa. Watumwa wenyewe, isipokuwa wachache sana, hawana majina humo. Majina utayakuta kwenye orodha za mirathi zilizopelekwa mahakamani bwana alipofariki, mara nyingi pamoja na samani na mifugo, kila jina na bei yake pembeni.