Mtoto amenyimwa waya za meno za NHS: tumfungie kwingine?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Meno yake ya mbele yamepandana, moja limegeuka kabisa, na shuleni wanamcheka. Tumengoja zaidi ya mwaka kumwona bingwa wa kupanga meno. Alipompima akasema yuko daraja la 3, picha namba 4, kwa hiyo NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, haitamlipia. Mbona kila mtu anasema mtoto chini ya miaka 18 hatozwi? Kulipa wenyewe tumetajiwa pauni 3,200. Desemba tunakwenda Dar, na shemeji anamjua fundi anayefunga waya kwa bei ndogo. Tuanzie huko tumalizie huku? Halafu mdogo wake wa kike, miaka 9, ana mwanya mkubwa. Shangazi yake ameona TikTok wanauziba kwa raba bendi. Nisaidie. (Mama wa watoto wawili, Leicester)

JIBU: Marahaba, mama. Hilo la raba bendi ndilo lililonishtua kuliko yote, na nitalifikia. Kwanza hili la "mtoto hatozwi", maana halinipi pumziko.

Ni kweli mtoto hatozwi, lakini baada ya kuonekana anastahili. Kwa England mlango wa kustahili ni kipimo kiitwacho IOTN, kilichochapishwa mwaka 1989 na Brook na Shaw, na tangu mkataba wa meno wa 2006 ndicho NHS inachokitumia kuamua nani alipiwe. Daraja la 4 na la 5 wanapita. La 1 na la 2 hawapiti. Aliye daraja la 3 analinganishwa na picha 10 za meno, kuanzia yanayopendeza hadi yasiyopendeza, na anapita akifikia picha ya 6 kwenda juu. Wako ameishia ya 4. Hakuna aliyekuonea, na wala haihusiani na mnakotoka. Naliandika hili kwa sababu najua limeshasemwa sebuleni kwenu.

Sasa kosa lenyewe. Wazazi huja na hesabu ya kujumlisha: hili limepinda, lile limepandia, lile limegeuka, jumla mtoto ana hali mbaya. Kipimo hakijumlishi. Kinachukua kasoro moja tu, ile mbaya kuliko zote, basi. Mtoto mwenye meno sita yaliyopishana milimita 3 kila moja ni daraja la 3. Mwenye meno mawili tu yaliyopishana milimita 5 ni daraja la 4, na huyo analipiwa. Meno ya juu yakitokeza mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita 6 ni daraja la 4. Yakizidi 9 ni la 5, kwa sababu mtoto huyo akianguka uwanjani meno ndiyo yanayotangulia kufika chini. Ndiyo maana dakika chache zilitosha kumpima mwanao. Rula ndogo, macho yaliyozoea, kazi imekwisha.

Halafu kuna yule mtoto mwenye meno mazuri ya kutangazia dawa ya meno, naye amefungwa waya bure. Malalamiko juu yake huwa nayasikia kabla mzazi hajakaa kitini. Pengine jino lake la chonge limelala ndani ya taya, halitoki, na linakula mizizi ya meno ya mbele taratibu bila maumivu yoyote. Hilo ni daraja la 5, na huwezi kuliona kwa kumwambia mtoto acheke. Kipimo kiliundwa kutafuta meno yatakayomdhuru mtoto asipotibiwa. Kwamba mwanao anachekwa si jambo dogo, na kwa maoni yangu zile picha 10 zinalipa uzito mdogo mno. Lakini fedha ya umma inafuata kipimo kilichopo.

Kwa miaka 12 bado hajafungiwa mlango. Omba nakala ya ripoti uone herufi iliyofuata ile 3, maana ndiyo inayotaja kasoro iliyopimwa. Meno yakiendelea kuota na hali ikabadilika, daktari wenu wa meno anaweza kuandika rufaa nyingine. Msingoje afike miaka 17. Foleni mmeiona wenyewe. Na mkiamua kulipa, ulizeni kama zile pauni 3,200 zinajumuisha riteina, yaani kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa. Bila hicho meno hurudi yalikotoka na fedha yenu inakwenda nayo. Hata kwa waliotibiwa bure, NHS husimamia riteina mwaka mmoja tu baada ya waya kutoka. Zinazofuata ni za mfukoni. Mtoto akipoteza kifaa, anaweza kutozwa asilimia 30 ya ada ya juu kabisa ya NHS kwa matibabu ya meno, karibu pauni 100, japo ni mtoto.

Dar, sasa. Dar kuna madaktari bingwa wa kazi hii ambao ningewakabidhi mwanangu bila wasiwasi. Wewe hukuniuliza habari zao. Umeniuliza habari za fundi wa shemeji. Je, atapiga eksirei kabla ya kubandika chochote? Ataangalia kama kuna meno yaliyooza, kama fizi zinatoka damu? Jino si msumari kwenye ubao, ung'olewe hapa upigiliwe pale. Linasogea kwa sababu mfupa unayeyuka upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na mwili una mwendo wake. Ukivuta kwa nguvu kupita kiasi unaweza kufupisha mizizi, na mzizi uliofupika haurefuki tena. Ndiyo maana kazi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na mtoto anaonwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Nani atamwona Januari, mkiwa Leicester? NHS itampima kwa kipimo kilekile. Na wengi wetu tunaotibu kwa malipo hatupendi kuendeleza kazi tusiyojua ilianzaje. Tunaing'oa na kuanza upya, kwa bei kamili. Bei ndogo ya fundi mtakuwa mmeilipa juu ya ile pauni 3,200.

Mkishamkataa fundi, matangazo ya vifuniko vya plastiki vya kunyoosha meno vinavyokuja kwa posta yatawafuata kwenye simu. Unajipima mwenyewe kwa kinyunga laini unachokiuma, unatuma, unaletewa kasha. Nani ametazama mizizi? SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa kubwa katika biashara hiyo, ilifunga Desemba 2023, na wateja wakabaki katikati ya matibabu hawajui wamwulize nani. Uingereza anayegusa meno ya mwanao lazima awe ameandikishwa GDC, baraza linalosajili watabibu wa meno, na daftari lao liko wazi mtandaoni. Andika jina la daktari utazame. Asipokuwamo, ondoka.

Na huyu binti. Mwanya wa miaka 9 mara nyingi ni hatua ya kawaida ya ukuaji: meno ya chonge yanaposhuka husukuma yale ya mbele yakakaribiana. Usipozibika, kwani kwetu mwanya ni tatizo tangu lini? Watu wameimbiwa kwa ajili yake. Kinachonihusu kwake ni kingine. Kati ya miaka 9 na 10 daktari wa meno anatakiwa kupapasa kwa kidole juu ya fizi kutafuta uvimbe wa yale machonge ya juu. Yakikosekana mahali pake mapema, wakati mwingine kung'oa jino la utotoni tu kunayapa njia. Mpeleke kwa hilo, ukaombe kwa maneno hayohayo.

Raba bendi, hapana, hata usiku mmoja. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo raba huteleza juu, inaingia chini ya fizi na kupotea machoni. Humo hukata nyuzi zinazoshika jino kwenye mfupa, na watoto wamepoteza meno mawili ya mbele yaliyokuwa mazima kabisa. Kama shangazi ameshajaribu na raba haionekani ilipokwenda, usijipe moyo kwamba imeanguka kitandani. Mpeleke siku hiyohiyo, na mweleze daktari waziwazi kilichofanyika, kwa sababu raba kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, na asipoambiwa ataanza kutibu ugonjwa wa fizi ambao mtoto hana.