Vipimo viko sawa, moyo bado unanienda mbio: je, mishipa ya fahamu imeziba?

Swali: Shikamoo daktari. Miezi minne iliyopita nilipata ajali ya bodaboda. Mguu umepona, lakini nikisikia honi tu moyo unaenda mbio, jasho linanitoka. Usiku nashtuka. Hospitali wamepima moyo, damu na presha, wanasema sina tatizo. Muuza virutubisho mmoja alinishikisha chuma cha mashine yake, akasema mishipa yangu ya fahamu imeziba, nilete laki tatu na nusu aizibue. Nitoe?

Jibu: Marahaba. Usitoe hata mia.

Swali hili naletewa kila mara, na wengi wanafika kwangu wameshalipa. Wanatapeliwa kwa neno moja. Kinachopitisha damu tunakiita mshipa, na neva nayo tunaiita mshipa, ule wa fahamu. Wa damu una uwazi ndani, kwa hiyo unaweza kuziba. Neva ni nyuzi zinazopitisha taarifa kwa umeme na kemikali. Waya hauzibuliwi!

Ndani ya ubongo kuna sehemu yenye umbo la lozi, amigdala. Huitambua hatari kabla wewe hujapata muda wa kufikiri. Siku ile iliunganisha honi na kifo. Sasa ikiisikia tu, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na moyo unakimbia. Ndiyo maana vipimo viko sawa, na wala husingizii.

Hali ikikushika, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Neva ya vagasi, itokayo kwenye shina la ubongo hadi moyoni, hupunguza mapigo hasa unapotoa pumzi. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono utayahisi yakipungua. Hiyo ni ya kutuliza tu. Kwa tiba yenyewe, ulizia kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, uonane na mwanasaikolojia.

Na ninyi mnaonunua diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, dukani bila cheti: inatuliza kweli, na hapo ndipo inapowanasa. Mwili ukishaizoea, kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari ndiye akupunguzie kidogo kidogo.

Wengine wanaambiwa unga wa kusafisha mishipa hauchanganywi na dawa za hospitali, wanaacha vidonge vya presha. Nilimpokea baba mmoja amepooza upande wa kulia, hawezi kutamka jina lake. Binti yake alikuwa ameshika kopo la unga ule, limebaki nusu.