Msinitolee mfano bado

Mulembe vijana wa kanisa letu la Kaimosi, Kenya.

Ujumbe wenu wa sauti nimeusikiliza mara tatu nikiwa hapa getini, zamu ya usiku. Mnasema Jumapili mchungaji alihubiri juu ya nyika, akanitaja: kijana wetu wa Kaimosi aliyeko Qatar, Mungu amempeleka jangwani amkuze kiroho. Mnauliza kama ni kweli nimekua, na kama nanyi mje. Katibu wenu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wakala ameshamwitisha pesa.

Jangwa lenyewe kwanza. Doha ni lami laini na majengo ya vioo. Joto ni kweli, Julai linapita digrii 45, na sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu, tangu tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Joto nililizoea. Nyika yangu ilikuwa chumba cha watu sita chenye kiyoyozi.

Nilikuja 2022, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia. Kombe lilipoisha Desemba, kampuni iliyonileta haikuwa na kazi ya kutupa. Zaidi ya miezi mitatu nilikaa kempu bila dyuti wala mshahara, pasipoti iko kwa bosi ingawa sheria ya huku inakataza. Kitanda cha juu yangu Mnepali, kando Mghana Mwislamu, wengine wanarudi kutoka zamu wakitafuta usingizi. Huwezi kumwimbia mtu pambio usiku kucha kesho anaamka saa kumi.

Na mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Usiku mmoja pale kempu nilipiga magoti, nikafungua mdomo, neno halikuja. Sikuwa nimemkasirikia Mungu. Halikuja tu. Ndipo nikaona kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naomba juu ya sauti za watu. Mama mmoja anasema "Bwana asifiwe", nami nadandia, kama mtu anavyodandia matatu ya Chavakali ikiwa imeshang'oa. Sasa matatu imeenda, nimebaki stejini na begi.

Halafu yakaja yale mabati. Mnakumbuka harambee ya paa la kanisa? Mlinipigia mkasema mwenzetu wa ughaibuni hawezi kukosa. Wakati ule sikuwa na riyali hata moja. Nilikopa 300 kwa mtu wa chumba cha pili, kwa riba, kama shilingi 10,000 hivi, nikatuma na picha yangu ya zamani nikiwa nje ya uwanja wa mpira, natabasamu. Jina langu likasomwa, mkapiga makofi. Mtu alinirekodia makofi hayo akanitumia. Niliyasikiliza nikiwa nimejifunika blanketi, nikayafuta.

Siku hizo nilisoma tena Wafalme wa Kwanza 19. Nabii Eliya amechoka, amelala chini ya mretemu, kichaka cha nyikani, anaomba afe. Malaika hamkemei, wala hamwambii aombe. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Eliya anakula, analala tena! Anaamshwa mara ya pili, anakula, ndipo anatembea siku arobaini mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Sisi huwa tunakimbilia Horebu, kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Ule mkate na ule usingizi sijawahi kusikia vikihubiriwa kwetu. Ramadhani ilipoanza Machi 2023, yule Mghana kila jioni alirudi kutoka msikitini na sahani mbili za futari. Moja aliiweka kitandani kwangu bila kuniuliza kitu. Simwiti malaika, maana alikuwa akikoroma kama trekta la miwa, lakini nilikula, nikalala.

Baada ya hapo niliacha kutafuta maneno. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda kabla ya alfajiri, kimya, labda robo saa. Na hapa mniruhusu nicheke, kwa sababu sisi ni Marafiki, wale wanaoitwa Quaker. Marafiki wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, ibada yao ilikuwa kunyamaza hadi Roho amsukume mtu kusema. Wale wamisionari watatu Wamarekani waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka upande wa Marafiki ambao ulishakuwa na wachungaji na nyimbo, nasi tukaongeza ngoma. Sisemi tulikosea. Ngoma naitamani mpaka vidole vinawasha. Ila kimya cha wazee wetu wa imani nilikuja kukikuta kempu.

Siku nyingi katika kimya kile hakuna kilichotokea, nilihesabu deni tu. Halafu asubuhi moja likanijia jina la mhazini wa kanisa. Kesho yake likaja tena. Wiki nzima nilitaka faraja, napewa mhazini. Mwishowe nikampigia mzee wa watu, nikamweleza kwamba ile pesa ilikuwa ya mkopo na ile picha ilikuwa ya uongo. Alinyamaza, akasema nimalize deni kwanza. Kisha nikampigia mama, nikamwambia sina kazi tangu Krismasi. Akauliza: umekula?

Kama huko ndiko kukua, basi nimekua kiasi hicho. Siku hizi naweza kusema "sina" bila kuifunika kwa "Mungu ni mwema".

Mchungaji namheshimu, na akisoma haya anisamehe, lakini nyika haimkuzi mtu kwa sababu tu ameingia. Kumbukumbu la Torati, mwanzoni kabisa, inasema kutoka Horebu mpaka Kadesh-barnea ni safari ya siku kumi na moja. Waisraeli walikaa nyikani miaka arobaini, na wengi walizikwa njiani wakinung'unika. Tena pasipoti ya mtu kufungiwa kabatini si shule ya Mungu. Ni dhuluma, na tuiite hivyo.

Kanisani huenda Ijumaa, ndiyo siku yangu ya mapumziko. Makanisa yako pamoja eneo la Mesaimeer hapa Doha, nje hayana msalaba wala kengele, na ndani Wafilipino, Wahindi na Wanaijeria wanapishana. Nakaa viti vya nyuma. Hakuna anayejua kwamba naimba.

Sasa katibu, wewe binafsi. Usitoe hata shilingi kabla hujahakikisha wakala ana usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Sheria ya Qatar hairuhusu mfanyakazi atozwe ada ya kuajiriwa. Kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa malazi na chakula aongeze 500 na 300. Tangu 2020 unaweza pia kubadilisha mwajiri bila barua yake ya ruhusa. Mimi hilo nililijua baada ya miezi ile ya kulala, ndivyo nilivyopata hii kazi ya sasa. Ukija, uje kwa mkataba uliousoma mwenyewe. Usije kwa sababu ya mahubiri.

Deni nilimaliza Agosti ile. Nina ombi moja. Mvua ya alasiri ikinyesha huko, mmoja wenu aingie kanisani peke yake, aweke simu juu ya benchi, anirekodie yale mabati. Asiongee chochote.