Jiji Lianzie Wapi Kupunguza Gesijoto?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, jiji likitaka kupunguza gesijoto kwa kiwango kikubwa, lianzie wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, lianze kwa kuhesabu gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, zitokazo kwenye umeme, majengo, magari na taka, kwani bila hesabu hiyo mpango hubaki maneno matupu. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, uliopitisha mwaka 2012 mpango wa kufikia uzalishaji sifuri halisi wa kaboni (kaboni yote inayotolewa ifidiwe) ifikapo 2025, ilipiga hatua kubwa katika mfumo wake wa mabomba ya maji ya moto yanayopasha nyumba joto. Hata hivyo, mwaka 2022 ilikiri kwamba haitafikia lengo, baada ya mradi wa kunasa kaboni kabla haijatoka hewani kwenye tanuri la kuchomea taka la Amager, jijini humo, kukosa ruzuku ya serikali. Kwa hiyo waulizeni madiwani wenu ni sehemu gani ya mpango inayotegemea fedha ambazo jiji halina mamlaka nazo.