Kijana Akirudi Kutoka Kongo, Mwacheni Kwanza Apumue

Wiki iliyopita askari mmoja kijana, aliyerejea karibuni kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliniandikia kwamba kitandani halali, na mkewe ameanza kuhisi kuwa huko alikotoka kuna mwanamke mwingine. Ninamjibu hapa hadharani kwa sababu njia hiyo nimeipita, na ninaamini ndugu wa askari wanalihitaji jibu hili kuliko askari mwenyewe.

Nilikuwa wilayani Beni, mashariki mwa Kongo, katika kikosi cha Tanzania cha kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, tarehe 7 Desemba 2017, waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, walipoishambulia kambi ya Semuliki na kuwaua wenzetu wasiopungua 14. Mimi nilikuwa kambi nyingine, lakini baadhi yao nilikwisha kula nao sahani moja. Yaliyofuata sitayasimulia. Niliporudi Songea nilikuwa nikitandika mkeka nyuma ya mlango, viatu vikiwa vimeelekezwa nje na kamba zimelegezwa ili vivalike gizani. Mvua ikipiga bati ndiyo sisinzii kabisa, kwa kuwa kelele zake humficha mtu anayenyemelea.

Kuhusu hayo ndugu zangu hawakuuliza lolote. Walichouliza ni dola za Umoja wa Mataifa ziko wapi. Mjomba alifika na hesabu ya mabati ikiwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi, na nilipomweleza kwamba fedha zimeishia kwenye kiwanja na ada za wadogo zangu, ukoo mzima ulitangaziwa kuwa vita vimenifundisha uchoyo. Neno hilo linaniuma hadi leo, sifichi.

Basi, mdogo wangu, mweleze mkeo kwamba usingizi umekukimbia, hata kama ya vitani utabaki nayo moyoni. Wangu alipojua, alianza kuniita jina akiwa mbali kabla ya kunigusa, na hilo lilinisaidia kuliko pombe niliyokuwa nikinunuliwa na marafiki. Hospitali nayo nenda, ukazungumze na wataalamu wa afya ya akili. Hakuna cheo kinachopungua kwa kufanya hivyo.

Nanyi wazazi, msimuulize ameua wangapi, wala msimsukume asimulie mbele ya wageni. Na kamati ya harusi iliyomwandikia mchango mkubwa kabla hajashuka kwenye ndege, imwondoe kwanza kwenye orodha.