Maji ya tangi kuwa meupe siku tatu baada ya usafi: tatizo ni namna unavyokiosha kichujio

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba tangi lako la lita 100 lina samaki wa dhahabu sita, kwamba kila Jumamosi unamwaga maji yote, unaosha changarawe na sponji ya kichujio kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, na kwamba ikifika Jumanne maji yamekuwa meupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Waliotangulia kukujibu wamekushauri utie shabu au ununue pampu kubwa zaidi. Mimi nafuga samaki nyumbani hapa Dar es Salaam kwa mwaka wa tisa sasa, na miaka miwili ya mwanzo niliipoteza nikifanya hayohayo unayoyafanya wewe, kwa hiyo naomba uniwie radhi nikijibu kwa urefu.

Kabla hujanunua chochote, chota maji ya tangi katika chupa ya kioo isiyo na rangi, isimamishe mbele ya karatasi nyeupe, kisha uiache usiku kucha bila kuitikisa. Ukikuta asubuhi kuna utando wa uchafu chini na maji ya juu yametakata, basi shida ni vumbi la changarawe au mabaki yanayotimuliwa, na hiyo ni kazi ya sponji na pamba. Maji yakionekana ya kijani, huo ni mwani mdogo mno unaoelea, ambao hupita katika sponji bila kushikwa. Hapo tafuta kwanza jua linapoingilia na punguza saa za taa. Maji maangavu yenye rangi ya chai ya rangi hutokana na gogo au majani uliyoyaweka kwa mapambo, na samaki hawadhuriki nayo. Lakini weupe ukibaki vilevile hadi asubuhi, hautuami wala haupandi, huo ni umati wa bakteria wanaoelea. Kwa jinsi ulivyoeleza kwamba hali hii hurudi kila baada ya usafi mkubwa, sina shaka sana kwamba lako ni hilo la mwisho.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa ikipitia matamvua yao, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao wa manufaa hawaelei. Hujibandika kwenye sponji, kwenye changarawe, hata kwenye kioo, na huongezeka polepole sana, kiasi kwamba tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla hawajatosha. Wale wanaolifanya tangi kuwa jeupe ni wa aina nyingine: hula mabaki yaliyoyeyuka majini na huzaana maradufu ndani ya muda mfupi. Kila Jumamosi, kwa klorini ya maji ya bomba na kwa sabuni, unawafukuza wenyeji na kuwaachia nyumba wapangaji wa haraka. Kwa maneno mengine, tangi lako halijawahi kupita wiki yake ya kwanza.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Tangi langu ni la sentimita 100 kwa 30 kwa 40, yaani lita 120, na lilikuwa na samaki wa dhahabu watano. Mkesha wa Idi nililisafisha lote, sponji nikaisugua hadi ikarudi rangi yake ya buluu, nikajisifu. Siku ya pili ya sikukuu maji yalikuwa meupe na samaki wote walikuwa wamepanda juu wakitwetea, midomo ikigusa uso wa maji. Watatu hawakufika jioni. Mzee mmoja muuza samaki wa mapambo alipokuja kunitazamia, hakutazama samaki. Alifungua kichujio, akaitoa sponji, akainusa, akaniambia: «Hii ina harufu ya dukani.» Kisha akanipeleka kwake akanipa sponji ya tangi lake niinuse. Ilikuwa ya kahawia, yenye utelezi, na ilinukia udongo uliopata mvua. Tangu siku hiyo hunusa kwanza ndipo ninapoamua kuosha.

Kichujio ninachotumia sasa ni sanduku la plastiki lililokaa juu ya tangi, nililolitengeneza mwenyewe. Pampu huyapandisha maji, nayo hukutana kwanza na sponji yenye matundu makubwa inayozuia kinyesi na vipande vya majani, kisha sponji ya matundu madogo, kisha mawe mepesi ya volkano yenye vitundu vingi ambayo ndugu yangu aliniletea kutoka Arusha, na mwisho kabisa pamba ya kujazia mito, ile ya poliesta isiyotiwa manukato, ambayo ndiyo hukamata vumbi jembamba na kuyapa maji ule mng'ao unaoutafuta. Mpangilio huo usiugeuze. Ukiweka pamba mwanzoni, itaziba kwa siku mbili na maji yatatafuta njia ya pembeni. Pamba ndiyo kitu pekee ninachokitupa, kila wiki. Sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini humohumo, tena moja tu kwa zamu, baada ya wiki mbili au tatu, na ninaacha ibaki na rangi yake ya kahawia. Mawe huwa siyagusi, labda matope yakiyafunika.

Kuhusu pampu kubwa, sikatai moja kwa moja. Kichujio cha samaki wachafu kama hawa kinapaswa kuyapitisha maji yote ya tangi mara nne hadi sita kwa saa, ila namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haina mzigo. Yangu imeandikwa lita 800 kwa saa. Nilipoyakinga maji kwenye ndoo ya lita 10 pale yanapotokea, ilijaa kwa sekunde 75, yaani lita 480 kwa saa, mara nne kamili ya tangi langu. Pima yako hivyo kwanza. Huenda inatosha, na kuiongezea nguvu kutawachosha samaki wenye mikia mirefu bila kuwarudisha bakteria uliowaua.

Shabu nayo twaijua tangu utotoni, ilivyokuwa ikizungushwa kwenye mtungi wa maji ya kisima, na wengine hutumia mbegu za mlonge zilizotwangwa. Ni kweli vyote viwili hukusanya chembe zikatua chini. Ila katika maji ya mtungi haishi kiumbe. Shabu huyafanya maji yawe na asidi na alumini yake hudhuru matamvua. Mlonge huacha majini masalia yanayooza, ambayo ni karamu kwa bakteria haohao tunaowalalamikia. Na kwa kuwa nimeona mtu ametaja mkaa: ule unaouzwa kwa vichujio umetayarishwa mahususi ili uwe na vitundu vingi, huondoa rangi ya chai na harufu, huchoka baada ya wiki chache, na lazima utolewe unapotia dawa. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo, na majivu yake hubadili hali ya maji.

Jumamosi hii, basi, usimwage tangi. Toa lita 25 tu, na urudie hivyo kila baada ya siku moja mpaka maji yatakate, ukitumia maji yaliyokaa katika ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizwa kwa dakika mbili. Wakikosa siku moja hawatakufa. Weka pampu ya hewa ikiwa huna, kwa sababu maji ya joto la nyuzi 28 au 29, ambalo ndilo la kawaida huku pwani, hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na bakteria hawa nao wanaivuta. Ukimpata rafiki mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, mwombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke ndani ya kichujio chako. Hakuna kitu cha dukani kinachokishinda. Weupe utaisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili, na kishawishi cha kuosha kitakujia karibu na siku ya tano. Samaki sita wa dhahabu kwa lita 100 ni wengi. Wakikua, itakubidi ugawe watatu au wanne, maana hapo kichujio hakitakuokoa.

La mwisho ni umeme. Ukikatika, maji husimama kichujioni na bakteria humaliza oksijeni iliyomo, hasa katika vichujio vilivyofunikwa kabisa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe pampu kabla hujayamwaga maji yaliyolala ndani. Yangu yaliwahi kulala usiku mzima. Nilipofungua, yalinuka yai viza, nikayamwagia mchicha.