Aliyeniahidi Mtoto ni Mungu, au ni Mtumishi Wake?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Tumeoana miaka mingi na hatujajaliwa mtoto. Kwenye mkesha mmoja mtumishi alinitabiria kwamba kabla ya mwaka kwisha ningekuwa nimebeba mtoto. Mwaka ule ukapita, na mingine ikapita. Nilipomwendea tena akasema imani yangu ni ndogo. Siku hizi kanisani wakiimba juu ya uaminifu wa Mungu mimi hunyamaza. Je, Mungu amenisahau, au kasoro iko kwangu?

JIBU: Amina, dada yangu. Pole sana. Umebeba mizigo miwili: kukosa mtoto, na kuambiwa kwamba umemkosa kwa sababu yako mwenyewe. Huo wa pili hukupewa na Mungu, nami nakusihi uutue leo.

Tuanze na ahadi yenyewe. Aliyekuahidi mtoto ndani ya mwaka ule ni nani? Ni mtumishi. Kumbukumbu la Torati 18:22 linasema wazi kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitimie, Bwana hakulinena. Nabii amelinena kwa kujikinai. Andiko hilo linamhoji aliyenena. Halimgeukii aliyesikiliza na kumpima imani. Kwa hiyo neno lile lisihesabiwe kuwa deni la Mungu.

Wengi watakutajia Ibrahimu na Sara, na mara nyingi wanawataja vibaya. Ahadi ya kumzaa Isaka uzeeni walipewa wao, kwa ajili ya kazi ambayo Mungu aliikusudia kupitia uzao ule. Sijaona andiko linalosema kila mke na mume waaminio watapata mtoto, na sitakudanganya kwamba lipo.

Lakini habari zao zina jambo kwa ajili yako. Ibrahimu alikuwa na miaka 75 alipoondoka Harani akiwa na ahadi, na Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Katikati hapo, Mwanzo 15, Mungu alifanya naye agano. Wanyama walipasuliwa vipande viwili, na kwa desturi ya wakati ule waliofanya agano walipita kati ya vipande, kana kwamba wanasema: nikilivunja, na niwe kama mnyama huyu (soma Yeremia 34:18). Sasa angalia nani alipita. Usingizi mzito ulimshika Ibrahimu, kisha tanuru ya moshi na mwenge wa moto, ishara za Mungu mwenyewe, vikapita kati ya vipande. Ibrahimu hatuambiwi kwamba alipita. Mungu alijifunga peke yake.

Na baada ya agano hilo? Ibrahimu alimwingilia Hajiri, mjakazi wa Sara, akamzaa Ishmaeli akiwa na miaka 86. Alipoambiwa tena kuhusu Isaka, alianguka kifudifudi akacheka. Sara naye akacheka. Kama ahadi ingesimama juu ya ukubwa wa imani yao, Isaka asingezaliwa. Ndiyo maana Paulo anamwandikia Timotheo kwamba hata sisi tusipoamini, yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe (2 Timotheo 2:13).

Basi Mungu amejifunga kwako kwa lipi? Kwamba ukiziungama dhambi zako atakusamehe (1 Yohana 1:9). Kwamba hatakupungukia wala kukuacha (Waebrania 13:5). Kwamba hakuna kitakachokutenga na upendo wake katika Kristo (Warumi 8:39). Najua hayo hayajazi nafasi ya mtoto. Mtoto endelea kumwomba bila haya, kama Hana, mama yake Samweli, alivyomwaga nafsi yake mbele za Bwana, na tiba ya daktari usiione kuwa ni kukosa imani.

Kuhusu kunyamaza wakati wa nyimbo, usijilazimishe. Yale maneno "uaminifu wako ni mkuu" yako katika Maombolezo 3, kitabu cha kilio baada ya Yerusalemu kuteketezwa na Wababeli. Katika sura hiyohiyo, mistari michache kabla, mwandishi analalamika kwamba akilia na kuomba msaada Mungu huyazuia maombi yake. Malalamiko hayo hayakufutwa kwenye Biblia, na yako hayatakuondoa mbele zake. Jumapili ijayo, wakati wenzako wanaimba, fungua Zaburi 13 usome polepole: "Ee Bwana, hata lini?" Daudi alianza hapo, nawe waweza kuishia hapo kwa siku hiyo.